Folda Iliyoombewa

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi ilikuwa ya baridi kavu, jua limetoka bila joto, na upepo ulivuma kutoka mashariki bila kukatika, upepo mzuri wa kupepeta. Kwa hiyo watu wote wa nyumba yangu walikuwa uwanjani, chini kidogo ya zizi, wakipepeta alizeti: mume wangu Philipo, dada yake Maria, mwanangu Gerald aliyekuja na familia yake kutoka Nduguti anakofanya kazi ya ofisi, na mkewe Witness akiwa na mtoto mgongoni. Mimi nilibaki ndani. Niliwaambia kwamba jioni jumuiya ya kanisa inasali kwetu na lazima nyumba iandaliwe. Lakini nyumba nilikuwa nimeshaifagia kabla hawajaamka.

Nilibaki kwa ajili ya kompyuta.

Inakaa sebuleni kwenye meza ya kona, imefunikwa kitambaa nilichokishona mwenyewe. Aliyeinunua ni binti yangu Aneth, ikiwa imeshatumika, akaileta hapa Mungaa kutoka Shelui alikokuwa akifundisha shule ya msingi. Alipoiwasha mara ya kwanza iliuliza jina la mwenye mashine, naye akaandika Theresia, jina langu. Baba yake alicheka, akasema nyumba hii ina kichwa chake. Aneth akamjibu, "Baba, na wewe nitakuandika, ila wewe huendi shule." Akamwandika wa pili, na Gerald wa tatu.

Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda shule. Nilitolewa darasani nikiwa mdogo nikachunge ng'ombe, na nilipofika umri wa kuitwa bibi nikaanza masomo ya jioni ya watu wazima pale sekondari ya kata. Kusoma kwangu ni kwa polepole. Nikifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshaniponyoka. Aneth aliliona hilo bila kuambiwa. Basi kila alipopata nafasi kule Shelui alinisomea masomo kwenye simu yake, akayarekodi, na kila likizo alikuja akayaingiza kwenye mashine, ndani ya folda moja aliyoiita Masomo ya Mama.

Alisoma kama mtu anayeongea nami jikoni. Alisoma kidogo, akanyamaza, akasema, "Mama, usiandike kwanza. Sikiliza kwanza." Nyuma yake yalisikika malori ya barabara kuu yakiachia breki, na siku moja jogoo wa mwenye nyumba wake aliwika katikati ya somo la mbegu. Aneth akacheka, akaliacha hivyo hivyo.

Mwaka juzi aligongwa na lori akivuka barabara hiyo hiyo, akitoka shuleni. Tulimleta nyumbani tukamzika.

Baada ya matanga niliendelea kusoma naye. Jioni nisiyo na darasa niliwasha mashine, nikasikiliza somo moja, nikaandika, nikazima. Watu waliopita nje walisikia sauti ya marehemu ndani ya nyumba wakadhani nimekaa kulia. Siku nyingine nililia, sitaficha. Lakini siku nyingi nilikuwa nasoma.

Mwaka uliofuata Witness alijifungua mtoto wa kike hapa kwetu, maana Nduguti wana chumba kimoja cha kupanga, na mtoto akapewa jina la shangazi yake. Nilifurahi, nikamshukuru Mungu kwa magoti. Lakini mtoto alikuwa mgonjwa mgonjwa. Homa ikishuka, kifua kinabana. Kifua kikiachia, anakataa ziwa. Witness alikwenda naye zahanati na kurudi mpaka mbwa wa njiani wakaacha kumbwekea. Wifi yangu Maria alikuwa akija, anamwangalia mtoto, kisha anaiangalia meza ya kona. Mimi mambo hayo mawili sikuyaunganisha. Ningeyaunganishaje?

Ikaja Krismasi, Gerald akaja kukaa nasi siku chache. Jioni moja baada ya sikukuu niliwasha mashine, nikaibonyeza folda ya Aneth, na badala ya kufunguka ikaniandikia kwamba sina ruhusa ya kuingia humo. Nikabonyeza tena. Nikaizima mashine, nikasali Baba Yetu, nikaiwasha. Ikaandika maneno yale yale.

Gerald alisogeza kiti, akabonyeza huku na huku, akasema ruhusa za folda zimevurugika, ni kawaida kwa mashine za zamani. Nikamuuliza kama zinapangika. Akasema ataulizia ofisini. Nilipokuwa nikimpigia baadaye, kila mara mtandao ulikuwa unasumbua. Philipo aliniambia nisijitese, vitu vya umeme vina siku zake. Na Maria alicheka, akasema, "Wifi, sasa na mashine nayo utaipelekea padri mafuta ya wagonjwa?"

Sikuipelekea padri. Niliipeleka kwenye jumuiya.

Mtu mwingine angeona aibu kuombea kompyuta. Mimi nilijiambia, kama tunaombea mvua na ng'ombe walioibwa, Mungu hatashangaa. Basi kila Jumamosi, wakati wa nia, yaani maombi ya kila mmoja, ulipofika, nilisimama nikasema naiombea folda ya masomo aliyoniachia Aneth, Mungu aifungue. Philipo ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika, kwa hiyo ni yeye aliyeipokea nia yangu na kuiongoza, na wote wakaitikia, twakuomba utusikie. Maria aliitikia. Gerald, alipokuja Pasaka, aliitikia. Niliwasikia mmoja mmoja, maana sauti za watu wa nyumbani kwako unazitenga hata zikiwa katikati ya umati. Na mwisho tulisema Amina.

Juni ilipoanza nilifanya novena, sala ya siku tisa, kwa Mtakatifu Antoni wa Padua, mwombezi wa vitu vilivyopotea. Sikuwa na hakika kama kitu kilichofungwa kinahesabiwa kupotea. Nilimwambia Antoni aamue mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo, kwenye darasa la jioni, mwalimu wetu wa kompyuta alifika somo la mafolda. Anaitwa Idrissa, kijana mpole, Mwislamu, hawezi kuanza kipindi kabla hajatupa shikamoo sote, mmoja baada ya mwingine, hata kama muda unakwenda. Nilimsimulia shida yangu. Alisikiliza, kisha akasema kila folda ina mwenyewe, na huyo mwenyewe ndiye anayeandika nani aingie na nani asiingie. Folda ikikataa, mara nyingi ni kwa sababu imetoka kwenye mashine nyingine na mwenyewe amebaki huko. Lakini wakati mwingine, akasema, ni kwa sababu mtu ameandika hivyo.

Ili tuelewe, alitengeneza folda kwenye mashine ya shule, akaifunga kwa mmoja wetu tu, Rahabu, mwanamke anayeuza maandazi stendi. Akatuonyesha palivyo: majina ya watu kwa juu, chini yake safu mbili, moja ya kuruhusu na nyingine ya kukataa. Kwenye jina la Rahabu alama zote za vema zilikuwa upande wa kukataa. Akamwambia ajaribu. Rahabu akabonyeza, akakataliwa, darasa zima likacheka.

"Waume wawili wamenikataa," akasema Rahabu, "na hii nayo inajiunga?"

Idrissa alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema neno ambalo wakati huo nililiandika bila kulipima. Alisema mashine ikiharibika yenyewe hupoteza majina, au husahau mwenye folda. Lakini haichagui jina la mtu mmoja ikamwekea alama za kukataa. Hizo huwekwa na mkono.

Alijitolea kuja nyumbani anitengenezee. Nikamwambia hapana, mwalimu, nifundishe nitengeneze mwenyewe. Aneth asingependa nikae pembeni niangalie. Akanifundisha hatua kwa hatua, akanirudisha nyuma kila nilipokosea.

Hivyo ndivyo nilivyokaa peke yangu mbele ya mashine Jumamosi ile, siku moja baada ya sikukuu ya Antoni, upepo ukigonga bati. Nilisali rozari kwanza. Kisha nikaondoa kitambaa.

Niliiendea folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikashuka mpaka mstari wa mwisho, nikaingia palipoandikwa usalama. Mashine ikasema sina ruhusa hata ya kuona ni nani wameruhusiwa. Idrissa alikuwa ameniambia itasema hivyo, nisiogope. Nikaingia ndani zaidi. Mahali pa jina la mwenye folda palikuwa hapana jina. Paliandikwa kwamba haliwezi kuonyeshwa. Nikabonyeza kubadilisha. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo kwa mdomo, nikajicheka, kisha nikajibu kwa kidole. Nikaandika jina langu, herufi kwa herufi, mashine ikalitambua na kulipigia mstari. Aneth alikuwa ameniandika wa kwanza, mwenye mashine, na kwa sababu hiyo ikanitii. Nikafunga kila kitu kama nilivyofundishwa, nikafungua upya.

Sasa ilinionyesha majina.

La kwanza lilikuwa Gerald. Nilipolibonyeza, alama zote zilikuwa upande wa kuruhusu. Nikasema moyoni, huyu alijaribu kutengeneza, Mungu ambariki. La pili lilikuwa Philipo. Upande wa kuruhusu. La tatu lilikuwa langu.

Alama zilishuka upande wa kukataa kama shanga za rozari, moja chini ya nyingine, hapakuachwa hata nafasi moja. Kuingia, nimekataliwa. Kusoma, nimekataliwa. Kuandika, nimekataliwa. Nilikaa nikiziangalia. Nilijaribu kuwatetea, kwa sababu Injili inasema usihukumu. Nikasema labda kidole kiliteleza. Lakini kidole kinachoteleza hakitelezi mara zote hizo upande mmoja tu, kwenye jina la mtu mmoja tu. Nikamkumbuka Rahabu, na kicheko cha darasa, na neno la mwalimu kuhusu mkono.

Niliziondoa alama, nikakubali, nikaibonyeza folda. Ikafunguka, kirahisi, kama mlango wa banda la kuku. Masomo yote yalikuwa humo. Nikachagua lile la mbegu.

"Mama," akasema Aneth, "usiandike kwanza."

Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Gerald, amefuata turubai jingine, makapi ya alizeti yamemjaa kichwani. Alisikia sauti ya dada yake akasimama pale pale. Hakuuliza ni nini kinachoongea. Hakuuliza nimewezaje. Alisema neno moja tu.

"Umeifungua."

Mtu asiyejua kwamba kitu kilifungwa hasemi hivyo. Nilinyamazisha somo.

"Kaa, baba," nikamwambia.

Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni. Nilimwacha mpaka akaanza mwenyewe. Alinieleza kwamba ni shangazi yake aliyeanza, wakati ule mtoto anaumwa. Maria alisema jina moja haliwezi kuwa na wenyewe wawili wanaoitika ndani ya nyumba moja. Mkubwa akiitwa kila jioni na sauti yake ikajibu, mdogo hatatulia, atakuwa anavutwa. Baba yake alikataa mwanzoni. Kisha ukaja usiku ambao mtoto alikaribia kukata pumzi, na baada ya hapo hakukataa tena.

"Shangazi alitaka nifute, mama. Kabisa. Nilikaa hapo na kidole juu ya kitufe, nikashindwa. Nikasema basi nifunge."

"Ukanifungia mimi."

"Nilifunga tu."

"Baba yako ameruhusiwa, Gerald. Nimeona."

Akainamisha kichwa. "Alisema lazima abaki mtu mmoja wa kuitunza."

Nilimuuliza kama tangu hapo baba yake aliwahi kuifungua. Akasema hajui. Nilimuuliza jambo moja la mwisho, kama siku ya Pasaka, nilipoiombea, aliitikia kwa mazoea au aliitikia akijua. Aliokota turubai, akatoka, na kupitia dirishani nikamwona akilikokota chini badala ya kulibeba.

Sijui kama nitaeleweka. Kufungiwa kuliniuma, lakini hilo ningewasamehe kabla ya chakula cha mchana. Walimwogopea mtoto. Mimi pia nilimwogopea. Lililonichoma ni magoti. Miezi ile yote nilipiga magoti kwenye sakafu hii nikimwomba Mungu afungue kitu ambacho funguo zake zilikuwa mifukoni mwa waliopiga magoti kulia na kushoto kwangu. Waliniacha nibishe hodi mbinguni. Walibisha pamoja nami.

Philipo alikuja mchana, peke yake. Gerald alikuwa amekwisha kumwambia. Alinawa mikono kwa muda mrefu, kisha akaketi akaongea nami kwa Kinyaturu, lugha yetu ya mambo mazito, kwa sauti ya chini. Alisema yeye ni mwenyekiti wa jumuiya. Asingeweza kusimama mbele ya watu, wala mbele ya padri, akasema ameamini neno la Maria. Na asingeweza kumwona mjukuu wake akizikwa kwa sababu aliona aibu. Mashine ilimpa njia ya katikati. Hakuna kuku aliyechinjwa, hakuna mganga aliyeitwa, na mtoto akapona.

Nilimkumbusha kwamba mtoto alikuwa amepewa dawa hospitalini wiki ile ile, sindano asubuhi na jioni. Akasema ndiyo, huenda ni sindano. Akasema yeye hajui, na mimi sijui.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi, Mama Gerald."

Alisema hivyo kama mtu aliyeshinda. Kisha akaniomba, na hapo alirudi kwenye Kiswahili cha vikao, kwamba jioni nisilitaje jambo hili. Niseme tu folda imefunguka, tumshukuru Mungu, tuendelee na ratiba.

Alipotoka, Witness aliingia na mtoto amelala mgongoni. Hakunitazama machoni, akaenda moja kwa moja kumlaza kitandani kwangu. Nilimfuata. Mtoto alikuwa amejaa mashavu, mzima, kinywa wazi. Na mimi, mwenye kushika rozari, mwenye kusoma baiolojia, nilijikuta nimenyoosha mkono kumgusa paji la uso nione kama lina joto, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimeifungua sauti. Lilikuwa la kawaida. Lakini mkono ulikwenda, na nikajua kwamba utakwenda kila siku. Akikohoa Nduguti mwezi ujao, wataiangalia meza ya kona. Nitaiangalia na mimi. Hilo ndilo walilonipandia, na hakuna mahali pa kubonyeza ili liondoke.

Niliuchukia mkono wangu. Nikaenda kupika chai ya jumuiya.

Walianza kufika saa kumi, wamejifunika mashuka na masweta kwa ajili ya upepo. Sebule ilijaa, wengine wakakaa kwenye mkeka mlangoni. Mzee Petro, jirani yetu wa siku nyingi, aliletewa kiti chenye mgongo. Maria alikaa karibu na Philipo. Gerald alisimama nje ya dirisha akisema ndani hakuna nafasi. Tuliimba, tukasali rozari, likasomwa neno. Nilisali yote. Sikuona sababu ya kumnyima Mungu kwa kosa la watu.

Ukafika wakati wa nia. Mmoja aliombea mgonjwa, mwingine mtoto wake anayetafuta kazi. Philipo alikusanya maneno ili afunge, akiwa ameinamia kitabu cha sala. Akaharakisha. Na angefunga, kama si Mzee Petro, ambaye hakujua lolote, kuinua fimbo yake kidogo na kusema kwa upole,

"Mwenyekiti, umeisahau folda ya Mama Gerald. Au leo tunaiacha?"

Watu wakatabasamu, kwa sababu nia yangu ilikuwa imezoeleka kama wimbo. Philipo hakuinua kichwa. Nilimngoja. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilimngoja aseme. Kama angesema hata nusu yake, hata kwa kujitetea, mambo yangeishia hapo, ningekaa chini, ningenywa chai na wenzangu. Alifungua ukurasa, akaufunga. Maria alikuwa akihesabu shanga ambazo tulishamaliza kuzihesabu. Dirishani, Gerald alikuwa amegeuka anaangalia barabara.

Basi nilisimama.

Niliwaambia kwamba folda imefunguka asubuhi ile. Wakapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele, na niliwaacha wamalize, kwa sababu furaha yao ilikuwa ya kweli na hawakustahili kukatizwa. Walipotulia nikawaambia haikuwa imeharibika. Ilifungwa na mkono wa mtu, kwa jina langu, na aliyekubali ifungwe alikuwa akiitikia pamoja nasi kila nilipoiombea. Vigelegele vilikuwa vimekwisha. Nilisikia upepo kwenye bati. Niliwaambia pia kwamba sitamtaja, maana mdomo wa kulitaja jambo hili ni wake, si wangu.

"Theresia," akasema mume wangu. Haniiti hivyo mbele ya watu.

Sikugeuka. Nilimtazama Mzee Petro kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza, na nikasema taratibu, ili kila mtu asikie na awe shahidi:

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu, naahidi. Sauti ya mwanangu haitasikika tena chini ya paa hili, ili mtoto akiugua asitafutwe wa kulaumiwa. Jumatatu naibeba mashine hii mpaka shuleni, na huko nitasoma na Aneth, kwa sauti, mbele ya darasa zima. Rozari nitaisali kama kawaida. Lakini siku yoyote aliyekubali folda hii ifungwe atakapoongoza sala, mimi nitapiga magoti pamoja nanyi na Amina sitaitikia, mpaka asimame hapa niliposimama mimi, aseme kwa mdomo wake kwamba alikuwa anajua."